Kwarumba na Shingo ya Mzee Zera

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mimi na mke wangu tuligombana juu ya majivu.

Tulifanya kazi katika ua mmoja miaka arobaini na mitatu. Kiwanda changu cha uhunzi kiko upande jua linakotokea, mahali pake pa udongo upande linakozamia, na upepo wa kiangazi unatoka kwangu kwenda kwake. Ua ule aliujenga baba yangu. Upepo sijui aliujenga nani. Lakini lawama zilikuwa zangu kila siku.

"Baba Kuve, majivu yako yameingia tena kwenye udongo wangu."

"Nizuie upepo?"

"Zuia moto."

"Nikizuia moto nitafua nini?"

"Fua mdomo wako, umepinda."

Basi hapo tumeshaamkiana. Akaja akakaa kwenye mivukuto, akavukuta mpaka chuma changu kikawa chekundu, kama alivyofanya tangu alipoletwa bibi harusi. Vyungu viwili vya mivukuto alivifinyanga yeye. Ngozi za mbuzi zilizovifunika ni zangu. Mdomo wa kupitisha upepo ni udongo wake. Kwa hiyo hata nikisema kiwanda ni changu, nusu ni chake, na hakuchoka kunikumbusha.

Alikuwa anakohoa. Kikohozi kilimwanza wakati wa mavuno, na sasa tulikuwa tunakaribia kupanda. Nikamwambia aache kuvukuta, apumzike.

"Kiambie kikohozi. Mimi nimeshakiambia, hakinisikii."

Akanywa uji wa mtama nusu, nusu akaufunika. Akasema nisimpe mbwa. Kisha akaja mtu mbio kumwita, mwanamke wa nyumba ya bondeni ana uchungu, maana wake zetu sisi wahunzi ndio wakunga pia. Akafunga kitambaa kichwani, akaondoka na kikohozi chake. Uji nikampa mbwa.

Heri ningeishia kwenye uji.

Kwetu majina yanafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa tatu ni Kwarumba, kwa hiyo mlima mzima umejaa akina Kwarumba. Lakini ukisema Kwarumba wa mitungi, kila mtu atakuonyesha nyumba yangu. Alizaliwa upande wa pili wa mlima, kwa wahunzi wenzetu, kwa sababu mhunzi haoi kwa watu wa jembe na watu wa jembe hawaoi kwetu. Alipokuja kwangu alileta vitu viwili: jiwe la mviringo la kupigia udongo, la mama yake, na ulimi. Jiwe lilikuwa limelainika kwa miaka. Ulimi haukulainika.

Siku ya tatu ya ndoa mama yangu alimpa udongo amwone anavyofinyanga. Kwarumba akauonja. Akautema. Akasema, "Mama, huu una mchanga wa mto, mtapasua kila kitu." Mama yangu alikuwa amefinyanga kwa udongo ule maisha yake yote. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akamtazama, akasema, "Haya, wewe utaleta upi?" Kwarumba akaondoka peke yake, akarudi magharibi na kikapu cha udongo mweusi wa bonde la chini, kule ambako babu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma zamani. Tanuri zao zimebaki vichuguu tu. Kwarumba akaokota na mavi ya chuma yaliyotupwa pale, akayasaga juu ya jiwe, akayachanganya na maji, akapaka chungu chake kabla ya kukichoma. Kilitoka cheusi, kinang'aa kama ini. Kesho yake wakashuka bondeni wote wawili.

Alifinyanga vyungu vya ugali, vya mboga, vya pombe, vya kuhifadhia karanga. Wazungu walipokuwa wakija kutazama milima yetu, alifinyanga vidogo vya kuweka mfukoni, akaniuliza mtu mzima anapika nini katika chungu kama kile. Nikasema sijui. Akasema, "Basi hawali hawa, ndiyo maana wamepauka." Wazungu wakaacha kuja. Zikaja sufuria, zikaja ndoo za plastiki. Wanawake waliokuwa wakimbembeleza sasa walipita sokoni Mogode na ndoo nyekundu kichwani, wakimsalimia kwa mbali. Aliwaitikia. Wakishapita ndipo alisema maneno yake, na maneno yale siyaandiki.

Kitu kimoja plastiki haikukiweza. Mwenye nyumba akifa kwetu, akishatimiza mwaka, mwanawe anafanyiziwa mtungi wa baba yake, na wa mama vilevile. Mtungi ule unakaa ndani, unamiminiwa pombe ya mtama siku za karamu, na baba anakuja hapo kunywa. Mtungi lazima ufanane naye. Kama alikuwa na ndevu, uwe na ndevu. Kama alikuwa chongo, uwe chongo. Anayeufinyanga ni mke wa mhunzi tu. Sisi wanaume wa kihunzi tunawazika watu, wake zetu wanawarudisha nyumbani. Watu wa jembe hawali nasi chungu kimoja, ila wakifa wote wanapita mikononi mwetu. Mitungi ya Kwarumba ilikaa katika nyumba zote za mlima huu, na hakuna hata mmoja uliowahi kurudishwa. Hilo ndilo lililokuwa lake. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la jina lake. Alikuwa na hilo.

Sasa Mzee Zera.

Mzee Zera alikuwa mtu wa jembe, tajiri wa mtama, na alikuwa na tezi shingoni. Si tezi la kuuliza liko wapi. Lilikutangulia kukusalimia. Alipokufa nilimbeba mimi. Kwetu maiti huvishwa nguo zake nzuri, akakalishwa mabegani mwa mhunzi, na mhunzi anacheza naye mbele ya watu. Nilicheza naye tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na lile tezi likinikalia kisogoni muda wote. Kwa hiyo habari ya shingo ya Mzee Zera hakuna wa kunifundisha.

Mwaka ulipotimia akaja mwanawe, Vandu. Vandu anafanya kazi ya ofisi mjini Maroua. Alikuja na pikipiki na kitambaa shingoni, jua la mwezi ule ambao hata mijusi wamejificha.

"Mama, nataka mtungi wa baba."

"Nimtengeneze alivyokuwa?" akauliza Kwarumba.

"Ndiyo, mama. Alivyokuwa."

Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Alivyokuwa. Kwarumba akatengeneza. Vandu akarudi wiki iliyofuata kutazama, mtungi bado mbichi, uko kivulini chini ya paa la nyasi unakauka. Akauzunguka. Akasimama mbele.

"Mama, hiki ni nini?"

"Shingo."

"Si shingo. Hii hapa, iliyotoka."

"Tezi la baba yako. Umeshalisahau? Ulikuwa ukilishika ukiwa mtoto, unaning'inia kama kupe."

"Mama, watakuja wageni wa ofisini. Watapiga picha."

"Wapige. Baba yako hakuogopa watu."

"Liondoe tu, mama. Si kitu kikubwa."

"Si kikubwa? Hukumwona vizuri baba yako." Akachukua maji akalowesha mkono, akapapasa shingo ya mtungi. "Mwanangu, nikiliondoa, siku ya karamu nani atakuja kunywa? Atafika mlangoni, atakuta mtu mwenye shingo nyembamba. Si atadhani amekosea nyumba?"

Vandu akanigeukia mimi. "Mzee Koji, hebu zungumza na mkeo."

"Nimezungumza naye miaka arobaini na mitatu," nikasema. "Sasa jaribu wewe."

Akaondoka amekasirika. Akarudi mara ya tatu, jioni moja kabla ya ile asubuhi ya majivu. Safari hii hakushuka hata kwenye pikipiki. Akasema siku ya kuchukua mtungi, kama shingo bado ile, ataurudisha hapa hapa uani mbele ya watu wote, waone kazi ya Kwarumba inavyorudi. Kwarumba alikuwa anapepeta majivu kutoka kwenye udongo wake. Hakuinua kichwa. Vandu alipokwisha kwenda akasema, "Arudishe." Lakini usiku ule hakula.

Nami nilikuwa nimechoka. Nisiseme uongo. Nilichoka na Vandu, nikachoka na mke wangu, nikachoka na tezi la maiti niliyekwisha kumzika. Na siku zilikuwa zinakwisha, maana mbegu zikishaingia ardhini vyungu havichomwi tena mpaka mavuno. Moshi wake unafukuza mvua. Nilitaka mtungi ule uchomwe, uondoke, Kwarumba alale. Kikohozi kile nilikisikia mimi kila usiku, si Vandu.

Basi asubuhi ile, alipokuwa bondeni kwa mzazi, mbwa anakula uji, nikachukua kisu changu cha ngozi. Udongo ulikuwa umeshika, unakatika kama jibini ya Wafulani. Nikalikwangua lile tezi. Nikalainisha kwa mate na kidole gumba. Nikarudi nyuma nikatazama. Nikaona mzee fulani nisiyemjua.

Nilijua sheria. Mtungi wa marehemu ukiwa mbichi hauguswi na mwanamume. Ukiguswa hauchomwi, unavunjwa, na udongo wake unamwagwa. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilijiambia hakuna aliyeniona, na mwanamke mwenyewe ni mzee, macho yamepungua.

Macho yamepungua! Alirudi adhuhuri. Mtoto amezaliwa salama, wa kiume. Akanawa mikono. Akapita mbele ya mtungi bila kusimama, akafika mlangoni, akarudi. Akachuchumaa. Akatazama shingo, kisha akatazama kisu changu, ambacho mimi mjinga nilikuwa nimekiweka juu ya fuawe na udongo bado uko kwenye makali.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Badala yake akachukua mchi wa kutwangia mtama, akaupiga mtungi pigo moja. Akaita Masi, mke wa mwanangu, wakakusanya vipande kwenye kikapu, wakaenda kuvimwaga mtoni.

Tangu pale hakunisemesha. Alisema na mbwa.

"Mwambie fundi ugali umeiva," anamwambia mbwa, mimi nimekaa hapo.

Nikajizuia siku ya kwanza. Ya pili nikamwambia mbwa, "Mwambie mama Kuve nimesikia."

Masi alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Mbwa alinenepa mwezi ule. Kila mmoja alimpa kitu amchukulie ujumbe.

Siku ya tatu akamwambia mbwa kwamba kesho anashuka bonde la chini kuchimba udongo mpya. Nikaruka. Bonde lile ni mteremko wa kuvunja magoti kwa kijana. "Mwambie mama Kuve anaumwa," nikasema. "Amtume Masi."

"Mwambie fundi Masi hajui kuuonja."

"Basi mwambie mimi nitabeba."

"Mwambie udongo wa mitungi haubebwi na mwanamume. Au na hilo amelisahau, kama lile jingine?"

"Mwambie achukue punda wangu."

Akamtazama mbwa muda mrefu, kama anamwonea huruma kwa kutumwa mambo kama hayo. "Mwambie fundi punda wake ni dume."

Nikatupa nyundo. Masi akakimbilia jikoni.

Walishuka alfajiri, yeye na Masi. Nikawafuata kwa mbali, nikakaa juu ya jiwe kubwa la njia panda, mahali ninapoweza kuona bila kuitwa. Nilimwona akichimba. Akionja, akitema, akisogea, akichimba tena. Masi akabeba kikapu kikubwa, yeye akabeba kidogo. Kupanda alikaa chini mara nne. Kila akikaa, kikohozi kinamtikisa na kikapu chake kinatikisika kichwani, wala hakitui. Nami mwanamume mwenye mikono miwili, mikono inayokunja springi ya lori ikawa jembe, nimekaa juu ya jiwe nang'oa nyasi. Nilimkasirikia Vandu. Nilimkasirikia Mzee Zera kwa kuwa na shingo. Niliwakasirikia babu zetu walioweka sheria ile na wao wenyewe wamelala zao. Kisu changu nilikitupa korongoni siku ileile. Kilikuwa kisu kizuri.

Alianza kufinyanga kesho yake. Sisi hatuna gurudumu. Mtungi umekaa, mfinyanzi ndiye anayezunguka, anarudi kinyumenyume, mkono mmoja na jiwe ndani, mwingine na kibao nje, anapiga anazunguka, anapiga anazunguka. Miaka yote sauti ile na nyundo yangu zilikwenda pamoja. Nikichelewesha pigo naye anachelewesha, bila kutazamana. Sasa alizunguka mara mbili akasimama. Akazunguka mara moja akasimama. Mwisho akakaa kwenye kigoda, akamwambia Masi auweke mtungi juu ya kigae na auzungushe yeye. Niliacha kufua. Nyundo ilikuwa inaniudhi.

Siku ya tano ya kufinyanga akafika shingoni. Nilikuwa nimekaa kiwandani sifanyi kitu, na moto umezimika. Akaniita.

"Koji."

Jina langu hakulitaja tangu alipozaliwa Kuve, mtoto wetu wa kwanza. Nikadhani ameanguka. Nikaenda mbio.

"Simama hapo. Mikono nyuma."

Nikaweka mikono nyuma kama mwizi.

"Ulimbeba wewe. Lilikukalia wapi?"

"Lipi?"

"Lipi! Tezi, mwanamume wewe. Ulilikwangua unalijua, sasa hulijui tena?"

Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha kisogoni, upande wa kushoto, chini ya sikio. Nikamwambia lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na halikuwa duara, lilining'inia kama kibuyu cha chumvi, na lilikuwa na kigongo kidogo juu. Nikamwambia nilipocheza kwenda kulia lilichelewa kunifuata. Akanisikiliza amefumba macho. Akaweka donge la udongo. Akalivuta chini.

"Hivi?"

"Chini zaidi."

"Hivi?"

"Hapo. Sasa kile kigongo."

Akakiweka. Masi akasogea kutazama. Alikuwa ni Mzee Zera. Alikaa hapo anatutazama, kama aliyekuja kudai jembe lake nililomcheleweshea. Mtungi wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini Kwarumba aliutengeneza kwa macho. Huu alikuwa mwenyewe.

"Kumbe unajua kusema," akaniambia. "Haya, rudi kwenye majivu yako."

Mtungi wa kuchomwa unataka kukauka siku nyingi, na mawingu yalikwisha anza kukusanyika upande wa Nigeria. Watu walikuwa wananoa majembe kwangu. Kila aliyekuja aliuliza, "Mama bado hajachoma? Sisi kesho kutwa tunaingiza mbegu." Kila mmoja nilimwambia angoje, na kila mmoja alinitazama kama mimi ndiye ninayeshika mvua. Kwarumba akasema utachomwa siku ya soko, ukauke usikauke. Akapanga kuni, nyasi na mavi ya ng'ombe, akauweka mtungi katikati na vyungu vidogo pembeni, akawasha moto yeye mwenyewe. Kisha akalala kwenye mkeka palepale chini ya paa la nyasi. Hakuweza kukaa. Alisikiliza moto akiwa amelala, kichwa ameelekeza kule. Kitu kikapasuka ndani, paa! Nikashika kichwa.

"Tulia," akasema. "Ni chungu cha mboga. Mzee analia tofauti."

Vandu akafika moto haujapoa. Alikuja na mama yake, amempakia kwenye pikipiki, mjane wa Mzee Zera, ameshika koti la mwanawe kwa mikono yote miwili. Masi akautoa mtungi kwa mti mrefu, akaufuta jivu. Ulikuwa mweusi, unang'aa, na shingo yake ilikuwa vile vile.

Vandu akasimama mbele yake. Mishipa ya uso ikamsimama.

"Nilisema nini? Mzee Koji, nilisema nini mbele yako?"

"Ulisema mengi," nikasema.

"Sichukui! Ubaki hapa hapa. Watu wote wapite waone!"

Kwarumba alikuwa anasikia kutoka kwenye mkeka. Nilimwona mkono wake umeshika ukingo wa mkeka, umekaza. Ule mkono ndio ulionitia hasira. Nikataka kumwambia Vandu maneno, nikatafuta kisu changu, nikakumbuka kiko korongoni.

Lakini mama yake alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, bado una joto, akaweka kiganja kwenye lile tezi. Akakiacha hapo. Nikadhani atalia. Hakulia. Akalipiga kofi dogo, kama mtu anayemfukuza mume apishe kitandani.

"Umerudi, mbaya wewe," akauambia mtungi. Kisha akamgeukia Kwarumba kule alikolala. "Mama Kuve, hata hiki kigongo! Nani alikwambia?"

Kwarumba akaninyooshea kidole.

"Miaka thelathini nilisukumwa ukutani na hiki kitu," yule bibi akasema. "Hakuweza kulalia upande huu. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda mafuta. Vandu! Uchukue."

"Mama, watu wa ofisini..."

"Watu wa ofisini wanywe pombe waende zao. Na wewe fungua hicho kitambaa, joto lote hili. Unadhani sijaona? Hata lako linakuja. Utaanza kumwonea haya nani, baba yako au kioo?"

Masi akageuka ukutani. Vandu hakufungua kitambaa. Lakini aliinama akautandikia mtungi koti lake, akaubeba mikononi mwenyewe, akashuka kwa miguu. Pikipiki aliiacha uani kwetu mpaka kesho yake. Mama yake akamfuata nyuma, anamwambia ainue juu, asimgonge baba yake kwenye mawe.

Niliporudi kwenye mkeka, mkono wa Kwarumba ulikuwa umeachia.

"Umechukuliwa," nikamwambia.

"Nimesikia. Sina tezi masikioni."

Mvua ilinyesha siku ya pili yake. Watu wakaingiza mbegu. Mimi nikawa namlisha uji, naye akawa anamwambia mbwa kwamba fundi hajui kupika. Mtu wa zahanati alikuja mara mbili, akatoa vidonge, akatikisa kichwa. Alikufa mchana, mtama wa watu ukiwa umeota urefu wa vidole viwili. Binamu zangu walichimba kaburi. Kumbeba nilimbeba mimi, ingawa waliniambia nimezeeka. Alikuwa mwepesi. Nilikasirika kwa wepesi ule, na nikacheza naye kwa hasira mpaka magoti yakakataa.

Masi ndiye atakayefinyanga mtungi wake mwaka ukitimia. Ananiuliza kila mara mama alikuwaje. Mimi nakaa naye, mikono nyuma, namweleza.

Siku tatu kabla hajafa alikuwa ametulia, kikohozi kimempa nafasi. Nikasema niseme sasa. Nikamwomba anisamehe kwa kuugusa ule mtungi wa kwanza. Nikamwambia bila mkono wangu asingeshuka bondeni na kupanda vile. Alinitazama mpaka nikadhani amelala macho wazi. Kisha akasema, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Kuugusa nilishakusamehe siku ileile, Baba Kuve. Kilichoniudhi ni kwamba hata kukwangua hujui. Mzee wa watu ulimwachia kovu shingo nzima, kama mtu aliyenyongwa kwa kamba."